Utitiri wa kuku na muwasho wa watoto: tutibu banda, tusimwagie mtoto sumu

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia bandani mwa kuku. Huenda mtu akauliza: kuku na afya ya watu, wapi na wapi? Lakini karibu kila nyumba yetu ina kuku. Wengine wanalala jikoni, wengine chini ya vitanda, na wengine ukutani nje ya dirisha la watoto. Wadudu wanaowasumbua kuku hao huwafikia na watu. Hapo ndipo makosa mawili yanapotokea: kuku wanaachwa wafe, na watoto wanapakwa dawa ambazo ni hatari kuliko wadudu wenyewe.

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Amefika zahanati asubuhi na watoto watatu, wote wanajikuna. Mdogo ana miaka miwili, na tumbo lake na mikono yake vina vipele vidogo vyekundu. Hajalala vizuri usiku wa nne sasa. Mama amekwisha jaribu sabuni ya kufulia, amejaribu majani ya mwarobaini, na jirani amempa dawa nyingine. Anafungua kikapu chake na kutoa chupa ya soda yenye maji meupe kama maziwa.

"Sista, nimekuja kuuliza tu. Hii nichanganye vijiko vingapi kwenye maji ya kumwogeshea?"

"Ni dawa gani hiyo, mama?"

"Ile ya pamba. Jirani anasema kuku wake aliwapulizia wakapona."

Sista anaipokea chupa ile, anaiweka juu kabatini na kufunga mlango. Kisha anaanza kuuliza maswali.

"Nyumbani mna kuku?"

"Tunao."

"Wanalala wapi?"

"Jikoni, sista. Ila kulikuwa na tetea mmoja aliyeatamia chini ya kitanda cha watoto. Ameangua wiki iliyopita, nikamtoa nje na vifaranga vyake."

"Na watoto walianza kuwashwa lini?"

Mama anafikiri kidogo. "Ni wiki hiyo hiyo."

Jibu limepatikana. Tetea ametoka, lakini wadudu wake wamebaki kwenye kiota, nao wana njaa. Usiku wanapanda kitandani kutafuta damu. Ugonjwa hauko kwa mtoto, uko chini ya kitanda. Hilo ndilo jambo kubwa tunalotaka kila mzazi alishike mwezi huu.

WADUDU HAO NI WEPI?

Watu wengi huita kila kidudu cha kuku "utitiri". Kwa kuwa dawa zake na mahali pa kuipeleka dawa vinatofautiana, yafaa tuwatambue wale wanaosumbua zaidi.

Wa kwanza ni utitiri wa usiku. Huyu ni mdogo sana, hafikii hata milimita moja. Ana miguu minane, kwa hiyo ni ndugu wa kupe na buibui. Kabla ya kunywa damu ana rangi ya kijivu; akishiba anakuwa mwekundu. Mchana humkuti juu ya kuku. Amejificha kwenye nyufa za mbao, chini ya fito za kulalia, ndani ya udongo wa ukuta na katika majani ya kiota. Usiku ndipo anapotoka kunyonya. Penye joto, kizazi kimoja hukamilika kwa siku 7 hadi 10 tu, na ndiyo maana banda lililokuwa safi mwezi uliopita linaweza kujaa mwezi huu. Zaidi ya hayo, anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Kuliacha banda tupu kwa wiki moja au mbili hakumwui.

Wa pili ni utitiri unaokaa juu ya kuku mwenyewe mchana na usiku, hasa kwenye manyoya ya karibu na mkia. Ukiyafunua manyoya hayo utayaona yamekuwa meusi na machafu, na vidudu vinatembea. Huyu naye hushuka kiotani na kuwapanda watu wanaoshika kuku au mayai.

Wa tatu ni mdudu wa ukurutu wa miguu. Huyu haonekani kwa macho. Anachimba chini ya magamba ya miguu ya kuku na kuishi humo maisha yake yote. Magamba yanainuka, unga mweupe unajaa chini yake, na mguu unakuwa mnene na wenye makunyanzi kama gome la mti.

Tusiwasahau chawa, ambao wana rangi ya majani makavu na hutembea kwenye manyoya, na viroboto wa kuku, wale wanaoganda kama punje nyeusi kuzunguka macho na upanga wa kichwani. Lakini vijivimbe vigumu vinavyoota kwenye upanga na usoni, hasa kwa vifaranga, aghalabu ni ndui ya kuku. Hiyo inatokana na virusi, na dawa ya wadudu haiwezi kuitibu.

DALILI BANDANI

Kuku wenye utitiri wa usiku hawataki kuingia bandani jioni. Wanasimama nje, au wanapanda mtini. Upanga unapauka kwa kukosa damu. Mayai yanapungua. Tetea anayeatamia anayakimbia mayai yake kabla hayajaanguliwa, na watu wanasema ana kichaa. Sivyo: ameshindwa kuvumilia. Vifaranga ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu damu yao ni kidogo. Wanaweza kufa kwa kunyonywa damu, na mwenye nyumba akadhani ni kideri.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Usiku, saa mbili au tatu baada ya giza kuingia, chukua tochi na karatasi nyeupe. Weka karatasi chini ya fito za kulalia, kisha gonga fito hizo kwa fimbo. Vidudu vikidondoka na kutembea, kunja karatasi na uibonyeze. Ukiona alama nyekundu za damu, umempata adui yako.

JE, NI UTITIRI WA KUKU AU NI UPELE?

Swali hili ni la lazima, maana magonjwa haya mawili yanafanana kwa muwasho wa usiku, lakini tiba zake ni mbalimbali kabisa.

Upele wa binadamu unaletwa na mdudu mwingine, ambaye makao yake ni ngozi ya mtu. Anachimba vijia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mtu mzima mwenye upele wa kawaida huwa na wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima, lakini hao wanatosha kumnyima usingizi. Angalia katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, kwapani, kwenye matako na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga angalia pia viganja, nyayo na kichwa. Upele unaenda kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na mara ya kwanza muwasho huchukua wiki 4 hadi 6 kuanza. Kwa hiyo mtu anaweza kuwaambukiza wenzake kabla hajajua kwamba anaumwa.

Utitiri wa kuku au wa ndege wengine hauwezi kuishi juu ya mtu. Hauchimbi ngozi, wala hauzai juu ya binadamu. Unauma, unakunywa kidogo, unaondoka. Vipele vyake ni vidogo, vyekundu, vimetawanyika mikononi, shingoni, tumboni, na pale nguo inapobana. Hakuna vijia katikati ya vidole. Wanaoumwa ni wale wanaolala karibu na kuku, au wanaofanya usafi bandani na kuokota mayai.

Muulize mgonjwa maswali matatu. Je, kuku wanalala wapi? Je, kuna tetea aliyeangua hivi karibuni? Je, kuna kiota cha mbayuwayu, shomoro au njiwa darini? Swali hili la tatu husahauliwa mara nyingi. Makinda yakisharuka, utitiri uliobaki kiotani hukosa chakula, nao hushuka ndani ya nyumba. Familia isiyofuga hata kuku mmoja inaweza kuwashwa kwa sababu hiyo.

Kama bado una shaka, nenda zahanati. Upele usiotibiwa si jambo dogo. Mtoto anajikuna, vidonda vinaingia vijidudu vya usaha, na baadhi ya vijidudu hivyo vinaweza kuleta ugonjwa wa figo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka upele katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, ili upewe uzito unaostahili.

TUMTIBUJE MTOTO?

Kama ni utitiri wa kuku, ngozi ya mtoto haihitaji dawa ya kuua wadudu. Mwogeshe kwa maji na sabuni ya kawaida. Badilisha nguo zake na shuka, zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mkate kucha ili asijichubue. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi hupunguza muwasho, na dawa ya maji ya kalamini husaidia pia. Kama muwasho unamzuia kulala, mganga wa zahanati anaweza kumpa dawa ya kunywa ya kutuliza. Chanzo kikisha ondolewa, vipele hupotea vyenyewe kwa siku chache, au wiki moja mpaka mbili.

Kama ni upele, mganga atatoa dawa yake, kwa mfano benzili benzoeti, krimu ya pamethrini ya asilimia 5, au marhamu ya salfa kwa watoto wadogo sana. Fuateni kipimo chake, maana dawa ya mtu mzima inaweza kuchoma ngozi ya mtoto. Na hapa kuna sharti moja ambalo likivunjwa kazi yote ni bure: watu wote wanaolala nyumba hiyo watibiwe siku moja, hata wale wasiowashwa. Baba asiseme, "Mimi sina kitu." Nguo na shuka zifuliwe siku hiyo hiyo. Zile zisizoweza kufuliwa zifungwe kwenye mfuko kwa siku kadhaa, kwa sababu mdudu wa upele akikosa mwili wa mtu hufa baada ya siku 2 au 3. Muwasho unaweza kuendelea kwa wiki mbili au zaidi hata baada ya wadudu kufa. Msirudie dawa kila siku kwa hofu.

KAZI YENYEWE IKO BANDANI

Sasa turudi kwa yule mama. Sista alimwagiza aende nyumbani akafanye kazi ya siku moja, kisha airudie. Nanyi mnaweza kuifanya hivi.

1. Anza asubuhi siku ya jua. Watoe kuku wote nje. Majani yote ya viota, maranda na mavi makavu yakusanywe na kuchomwa moto mbali na nyumba. Yasitupwe tu kando ya mlango, maana utitiri utarudi kwa miguu.

2. Fito za kulalia zitolewe. Mwagia maji yanayochemka kwenye nyufa, kwenye maungio ya mbao na mahali fito zilipoegemea. Watoto wakae mbali wakati wa kubeba maji hayo. Kama kiota kilikuwa chini ya kitanda, chaga za kitanda nazo zimwagiwe, na godoro liwekwe juani kutwa nzima.

3. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo, kisha paka chokaa ndani. Chokaa huziba maficho, na juu ya ukuta mweupe utaona mapema wadudu wakirudi.

4. Banda likikauka, nyunyizia dawa ya unga au ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya kuku. Inunuliwe duka la dawa za mifugo, ikiwa na karatasi yake ya maelezo. Dawa ya pamethrini, kwa mfano, hutumika sana. Lakini angalieni: pamethrini ni sumu kali kwa paka, na huua samaki na nyuki. Paka asiingie bandani mpaka dawa ikauke, na chombo kisioshwe mtoni. Jina hilo mmeliona pia kwenye krimu ya upele. Pamoja na hayo, dawa ya banda si dawa ya ngozi. Nguvu zake na vichanganyio vyake ni tofauti.

5. Rudia kazi yote baada ya siku 7 hadi 10. Hapa wengi huanguka. Dawa huua wadudu wanaotembea, lakini mayai mengi hubaki. Yakianguliwa, kama hukurudia, umepoteza fedha yako.

6. Watengenezee kuku shimo la kuogea: udongo mkavu uliochanganywa na majivu ya kuni yaliyopoa. Kuku huoga vumbi kwa tabia yao, na majivu hupunguza wadudu katika manyoya. Viota navyo viwekwe majivu chini, na majani mapya kila tetea anapoanza kuatamia. Wazee wetu huweka pia majani makavu ya mwarobaini. Si vibaya, ila yasichukue nafasi ya usafi.

7. Kuku mgeni, awe wa zawadi au wa mnadani, akae peke yake wiki mbili. Mkague chini ya mkia na miguuni kabla ya kumchanganya na wenzake.

Tunajua kwa nini watu wanalala na kuku ndani. Wezi wapo, vicheche wapo. Hata hivyo, banda dogo la fito na udongo lililoinuliwa juu ya miguu minne, lenye mlango wa kufunga, linaweza kuegemea ukuta wa jiko kwa nje. Ukisikia kelele unatoka. La muhimu ni kwamba kuku wasilale chumba kimoja na watoto, na tetea asiatamie chini ya kitanda cha mtu.

UKURUTU WA MIGUU

Mguu wa kuku mwenye ukurutu unaweza kutibiwa kwa vitu vilivyomo nyumbani. Loweka miguu yake katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika chache, mpaka magamba yalainike. Sugua taratibu kwa mswaki wa zamani. Usibandue magamba kwa kucha wala kwa kisu, maana damu itatoka na kidonda kitaingia uchafu. Kausha, kisha paka mafuta ya mgando kwa wingi, kuanzia vidoleni mpaka kwenye goti. Mafuta huziba hewa na wadudu walio chini ya magamba wanakufa. Rudia kila baada ya siku mbili au tatu kwa wiki tatu au nne. Magamba ya zamani yatadondoka polepole na mengine mapya yataota. Fito za kulalia zisafishwe kila unapowapaka dawa, maana ndizo zinazopitisha ugonjwa.

Msitumie mafuta ya taa wala oili chafu ya gari. Ushauri huo umezoeleka vijijini, na ni kweli wadudu hufa, lakini ngozi ya kuku huungua, naye huimeza sumu hiyo anapojidonoa. Ikiwa kuku ni wengi, mwoneni Bwana Mifugo au Bibi Mifugo. Anaweza kutumia aivamektini kwa kipimo cha uzito wa kuku. Muulizeni pia ni siku ngapi mayai na nyama zisiliwe. Msichukue dawa ya sindano ya ng'ombe na kukisia matone.

NDEGE WA TUNDUNI

Mijini siku hizi baadhi ya familia zinafuga wale kasuku wadogo wa kijani, njano au buluu. Asili yao ni nyika kame za Australia, na mwaka 1840 mtaalamu wa ndege John Gould alipeleka wengine Uingereza wakiwa hai. Sasa wako kwenye matundu ya dunia nzima, na hupendwa sana na watoto.

Ndege hawa wana mdudu wao, ndugu wa yule wa ukurutu wa miguu. Anaanzia pembeni mwa mdomo. Unaona unga mweupe, kisha ganda lenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, linalosambaa mpaka machoni na miguuni. Asipotibiwa, mdomo unakua umepinda naye anashindwa kula. Habari njema ni kwamba tiba ni rahisi, na mdudu huyu haishi kwa binadamu. Hatari iko kwenye kipimo. Ndege huyu ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu, wakati kuku wa kienyeji anafikia kilo moja na nusu. Tone linalomfaa kuku litamwua ndege. Kwa hiyo mpelekeni kwa mganga wa mifugo, ambaye atampima, atamdondoshea dawa shingoni, na kurudia baada ya siku 10 hadi 14.

Msimpulizie dawa ya mbu, wala msining'inize tunduni vidonge vya kufukuzia nondo. Mapafu ya ndege ni mepesi mno kwa moshi na harufu za sumu. Msimpake mafuta kwenye manyoya, maana yakilowa hayamtunzi na baridi. Na si kila ndege anayepoteza manyoya ana wadudu. Wengine wanabadilisha manyoya tu, na wengine wanajinyonyoa kwa upweke au kwa kula mbegu za aina moja kila siku.

SUMU HAIJUI KUKU WALA MTOTO

Tumalizie na ile chupa ya soda. Dawa ya pamba, ya kahawa au ya mboga imetengenezwa kwa ajili ya shamba. Nyingi zinapenya ngozi. Mtoto wa miaka miwili akiogeshwa kwa dawa hiyo, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Na kuku akinyunyiziwa, sumu inaweza kuingia kwenye yai na nyama.

Wala tusidhani kosa hili ni la maskini au la watu wasiosoma. Mwaka 2017, nchini Uholanzi na Ubelgiji, mabanda makubwa ya kuku yalisafishwa dhidi ya utitiri huu huu kwa dawa iitwayo fipronili, ambayo sheria za Ulaya haziruhusu itumike kwa wanyama wa chakula. Ilionekana ndani ya mayai. Mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani, kuku wengi wakachinjwa, na mayai hayo yalikuwa yamefika zaidi ya nchi 40. Wale walikuwa na maabara ya kuligundua kosa. Mama aliye kijijini hana maabara. Kinga yake ni kukataa chupa isiyo na maelezo.

Kwa hiyo, dawa za shamba zisihamishiwe kwenye chupa za soda. Zifungiwe mahali watoto hawafiki. Na kama mtoto amekwisha pakwa au amemwagikiwa, angalieni dalili: mate na machozi mengi, jasho, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano, kutetemeka, kupumua kwa shida, degedege. Msingoje dalili zote. Mvueni nguo mara moja, mwosheni mwili mzima na nywele kwa maji mengi na sabuni, na anayemwosha avae mifuko ya nailoni mikononi. Kama ameinywa, msimtapishe wala msimpe maziwa. Mkimbizeni hospitali, na mchukue chupa ya dawa ili mganga ajue ni sumu gani.

Mama wa mfano wetu aliondoka zahanati bila ile chupa. Alichoma kiota, akamwagia chaga maji ya moto, akaanika godoro, na baada ya siku nane akarudia. Aliporudi wiki ya pili kumpima mtoto uzito, yule mdogo alikuwa amelala mgongoni, mikono imetulia.

"Ulimpaka nini, mama?" akaulizwa na wenzake kwenye foleni.

"Sikumpaka kitu," akajibu. "Nilitibu kitanda."

Jioni ya leo chukueni tochi na karatasi nyeupe, mwende mkaangalie kuku wenu wanalala na nani. Tukutane tena mwezi ujao. Nawatakia afya njema nyumbani na bandani.